Wifi Yangu na Tumbo la Kereng'ende

Mimi niliolewa kwa sababu ya mdudu. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni kuwa katibu wa idara ya wadudu chuo kikuu, meza imejaa karatasi, akaja mwalimu mmoja mwembamba mwenye koti jeupe lililojaa madoa, akaweka chupa ya jamu mbele yangu. Ndani ya chupa kulikuwa na kitu chenye macho makubwa kuliko akili yangu siku ile. Nilipiga ukelele uliowatoa watu maofisini. Yeye hakuniomba radhi. Alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akasema, "Wewe unamfaa kaka yangu. Na yeye anaogopa mende." Nilidhani ananitania. Mwaka haukuisha nikawa jikoni kwa mama yake namenya viazi, yeye ni wifi yangu, na mume wangu mpaka leo mende akitokea bafuni ananiita mimi.

Wifi hakuolewa. Majirani wakimwuliza mama mkwe, alikuwa akiwajibu kwamba bintiye ameolewa na wadudu, na wakwe wenyewe hawasalimii. Baba yao alikuwa fundi saa. Wifi alikulia chini ya meza ya baba yake, akiokota skrubu ndogo za saa kwa kibano, na mkono ule wa kibano hakuuacha. Mimi mtu akinipa mguu wa nzi niushike bila kuuvunja, nitamrudishia unga. Yeye aliweza kuuchomoa, kuupasua na kukuonyesha misuli yake, huku anakusimulia habari za mtaa.

Swali lililomla maisha yake alinieleza hapo hapo jikoni, kwa hiyo usiogope, hata sisi wa viazi tunalielewa. Wadudu ndio viumbe wa kwanza duniani kuruka, kabla ya ndege, kabla ya popo. Wenye mabawa wote wametoka katika ukoo mmoja, na mapema sana ukoo huo ukagawanyika. Tawi moja ni kereng'ende, ambaye hawezi kuyakunja mabawa akayalaza mgongoni. Tawi la pili ni mdudu mdogo wa mitoni, ambaye wifi alimwita "wa siku moja", kwa sababu akishatoka majini na mabawa yake hana maisha marefu. Huyo naye hawezi kuyalaza. Tawi la tatu ni wengine wote unaowajua, mende, nzi, nyuki, panzi. Hao ukoo wao ulijifunza kuyakunja, ndiyo maana mende anapita chini ya mlango. Sasa, kati ya matawi hayo matatu, yapi mawili ni ndugu wa karibu, na lipi lilijitenga kwanza?

"Hilo nalo la kusomea miaka yote hiyo?" nilimwambia. "Wale wawili wasiokunja ndio ndugu."

"Wewe na Mama wote wawili hamjui kutumia simu mpya. Kwani ni ndugu?"

Alikuwa na maana kwamba kushindwa jambo moja si undugu. Huenda wahenga wote wa wadudu hawakuweza kukunja, na wale wawili wamebaki tu na mambo ya zamani. Tena wa siku moja ana kioja chake. Akishapata mabawa, hujivua ngozi mara nyingine tena, wakati wadudu wengine wote wakipata mabawa yanayofanya kazi ndio wamemaliza. Kwa hiyo wako wataalamu wanaosema huyo ndiye aliyejitenga kwanza, na wako wanaokataa. Mambo yalitokea zamani mno, na yalifuatana upesi, alama zikabaki chache, watu wakabaki kugombana.

Wifi alisema ameumaliza ugomvi. Alisoma vinasaba, yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila kiumbe, akayalinganisha kwenye kompyuta, na jibu likatoka kwamba kereng'ende na wa siku moja ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Lilichapishwa, likasomwa mbali, akaalikwa kwenda kulisema mbele za watu. Idara ikatengeneza bango la mti wa ukoo, likatundikwa ukumbini, jina lake chini. Mama mkwe hakuwahi kumwona huyo wa siku moja kwa macho, lakini mtaa mzima aliutangazia undugu wake utadhani ni harusi ya nyumbani. Nami nilijidai, nisiseme uongo. Mgeni akija idarani nilihakikisha anapita upande wa bango.

Kisha akaja binti mmoja kusomea shahada ya juu chini ya wifi. Tulimpachika jina Taratibu. Alikuwa akifungua kizibo kana kwamba ndani amelala mtoto. Wenzake wakimaliza sampuli zao na kwenda zao, yeye bado yuko kwenye ya kwanza. Wifi alimpa kazi ambayo aliona ni nyepesi: akamate kereng'ende wapya na wa siku moja wapya, asome vinasaba vyao, aongeze ushahidi juu ya ule uliopo.

Ushahidi haukuongezeka, uligoma. Kila Taratibu alipowaweka wadudu wake kwenye kompyuta, ule undugu ulilegea. Mara nyingine kereng'ende alisogea upande wa wakunja mabawa, wa siku moja akabaki peke yake. Akarudia. Ikawa vile vile. Akampelekea mwalimu wake, na nilisikia yote, kwa sababu kati ya ofisi yangu na maabara kuna ukuta wa mbao tu.

"Umechanganya sampuli," wifi alisema.

"Sijachanganya, Mwalimu. Nimerudia."

"Basi umerudia uchafu. Kazi hii haitaki mtu mchafu. Kitu kilichothibitishwa na watu wazima, wewe unakuja kukipindua kwa mikono michafu?"

Wanafunzi wengine walikuwepo. Hakuna aliyecheka, ila hakuna aliyeinua kichwa pia. Baada ya hapo neno hilo likamganda yule binti. Vifaa vyake vikatengwa. Darubini akiishika, anayefuata anaifuta kwanza. Na wifi, ambaye akikasirika hana breki, akaliandikia jopo la idara kwamba matokeo ya mwanafunzi huyu hayaaminiki, na kama hana jingine basi aondolewe. Jopo likapanga kumsikiliza Ijumaa. Akikataliwa, masomo yake yameishia hapo, hakuna kurudi.

Jumapili ya wiki hiyo wifi alikuja kwa Mama na kasha la kioo. Ndani alikuwepo kereng'ende wake maarufu, yule wa kwanza kabisa, aliyempiga picha kwa ajili ya mhadhara. Alikuwa wa aina adimu, ya ukoo wa zamani sana, aliyepatikana kwenye kijito cha mlimani wakati wifi mwenyewe ni mwanafunzi, na vinasaba vyake ndivyo lile jibu la undugu lilivyovitegemea zaidi. Mama akaita majirani wawili watatu. Kasha likazungushwa sebuleni, watu wakisifu mabawa, nami nikalishika zamu yangu.

"Wifi, huyu mbona huku nyuma ameliwa?" niliuliza. Nilikuwa nachokoza tu. "Panya wenu hawana adabu."

"Si panya, ni mimi. Mwalimu wangu alikuwa na huyu mmoja tu. Akanionya nisiguse mguu, nisiguse kifua, asije akaharibika. Kwa hiyo nilichukua nyama kidogo ya tum—"

Hakumaliza. Mama alikuwa anamwambia jirani habari za mlimani, mume wangu anagawa soda, na wifi amesimama katikati ya sebule mdomo wazi. Uso ulimsawijika. Alinipokonya kasha, akaenda nalo jikoni, nikamfuata.

Alisimama kwenye sinki akifungua maji na kuyafunga bila kunawa. Kila mwanafunzi wake hufundishwa siku ya kwanza: nyama ichukuliwe mguuni au kifuani, tumboni kamwe. Kereng'ende ni mwindaji. Anakula wadudu wenzake angani, na chakula chake kikubwa mtoni ni nini? Ni wa siku moja. Ukikata tumbo lake unakata na kilichomo, na vinasaba utakavyovisoma ni vya mlaji na vya mlo wake. Wifi alijifunza kanuni hiyo miaka baadaye, akaifundisha kwa ukali, lakini wakati huo kereng'ende wake wa kwanza alikwishakuwa herufi tu ndani ya kompyuta. Herufi hazina tumbo. Hakuwahi kujiuliza zilitoka wapi.

"Kwa hiyo hawa wawili walionekana ndugu," nilisema polepole, "kwa kuwa mmoja alikuwa amemla mwenzake?"

"Huenda. Sijui. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Wiki ile alijifungia maabara. Alichomoa mguu wa yule kereng'ende, ule aliokatazwa zamani, akausoma upya. Alhamisi mchana aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wageni huku amekumbatia koti lake.

"Ni kweli. Sehemu nzuri ya vile vinasaba haikuwa ya kereng'ende. Nimewaambia watu dunia nzima kwamba ni ndugu, na niliyemsoma ni chakula."

Nilitaka kumshika mkono. Lakini nami nina ulimi wangu, na nilikuwa nimesikia mengi kupitia ule ukuta. "Na Taratibu?"

Akainamisha kichwa. "Namwonea aibu, Wifi. Asubuhi nimemwona kwenye ngazi nikageuka nikarudi nilikotoka. Mimi, mtu mzima, namkimbia mtoto."

"Mkuki kwa nguruwe, eti? Ulimwita mchafu mbele za watu."

"Najua nilichomwita."

"Basi kesho sema."

"Nitasema," alijibu. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, nikamwamini.

Ijumaa jopo likakaa. Mimi ndiye mwandishi wa vikao, nilikuwa mwisho wa meza na kalamu yangu. Taratibu alivaa blauzi iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Alieleza kazi yake kwa sauti ndogo, na kila alipofika mahali pa matokeo alisema "labda". Labda nilikosea, labda sampuli. Mwenyekiti alimsikiliza amejiegemeza kitini, kisha akamgeukia wifi.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyelalamika. Una neno?"

Wifi alisimama. Akamtazama mwenyekiti, akalitazama dirisha, akatazama walimu wenzake waliosafiri kwa jina lake na kuomba ruzuku kwa jina lake.

"Nimeipitia tena kazi ya mwanafunzi huyu," alisema. "Ina mambo mazuri. Naomba tumpitishe."

"Na ule uchafu wa sampuli?"

Nilimkazia macho mpaka nikahisi yanauma.

"Tuuache," alisema. "Bado anajifunza."

Mwenyekiti akatabasamu, akasema Mwalimu ana moyo mkubwa, si wengi wangefanya hivyo. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Nikaandika kwamba mwanafunzi amepita kwa huruma ya msimamizi wake. Sijawahi kumchukia wifi yangu ila dakika ile. Aliketi, hakunitazama.

Chai ikaletwa. Wifi akatoka haraka, nami nikatoka nyuma yake, nimeshajaa maneno. Hatukufika mbali. Ukumbini, kwenye benchi chini ya lile bango, alikuwa amekaa mama yake Taratibu, mkoba magotini, viatu vya kuazima vikubwa kidogo. Binti alikuwa ameshamwambia. Mama akainuka, akaishika mikono ya wifi yote miwili.

"Mwalimu, Mungu akuzidishie. Mwanangu amekuharibia kazi, na bado umemvumilia. Mwingine angemfukuza."

Na Taratibu, aliyesimama nyuma ya mama yake, akasema, "Asante kwa kunisamehe, Mwalimu. Sitarudia tena."

Sitarudia. Mtoto anaahidi kutorudia kosa ambalo hakulifanya, mbele ya aliyelifanya. Mimi mwenyewe, nisiyehusika, nilitamani ardhi ipasuke, na maneno yote niliyokuwa nimembebea wifi yakaniishia. Wifi alijaribu kuivuta mikono yake, yule mama hakuiachia, akidhani ni unyenyekevu.

"Hukukosa," wifi alisema.

"Mwalimu?"

"Hukuchafua kitu. Matokeo yako yalikuwa sawa. Aliyechafua ni mimi, zamani, kabla hujaanza hata shule. Nilikata tumbo."

Mwanafunzi wa wadudu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Niliona neno likimwingia. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, na ndipo nami nikaiona: ngozi ya vidole imekauka na kupasuka, nyekundu kwenye viungo.

"Nilikuwa nanawa kwa spiriti," alisema, kama anayejieleza kwa daktari. "Kabla ya kila sampuli, na baada. Nikahisi labda ni jasho langu. Nyumbani sikuwa nagusa hata chakula cha mdogo wangu." Kisha akauliza, na aliuliza kweli, alitaka jibu: "Kwa hiyo mikono yangu ilikuwa safi?"

"Ilikuwa safi."

Binti akaanza kulia bila sauti. Mama yake hakujua tumbo la nani wala la nini, lakini kilio cha mtoto wake alikielewa. Bado alikuwa ameishika mikono ya wifi.

"Umejua lini haya, Mwalimu?" mama akauliza.

"Nilishuku Jumapili. Jana nikawa na hakika."

"Jana." Akageuka akautazama mlango wa chumba cha kikao, ambamo vikombe vilikuwa vinagongana. "Na sasa hivi, mle ndani, umesema?"

Yule mama akaiachia mikono yake. Hakumsukuma, hakumtukana. Aliiachia tu, akarudi kukaa kwenye benchi, akamvuta binti yake akae naye.

Avuliwaye nguo huchutama, wanasema, na kwa kawaida huchutama pembeni. Wifi alirudi mle ndani. Aliacha mlango wazi makusudi, ili walioko kwenye benchi wasikie, nami nikaingia nyuma yake nikachukua kalamu yangu. Mwenyekiti alikuwa na kitumbua mkononi. Wifi akasimama mbele ya meza, akasema yote: kereng'ende wa mlimani, kipande cha tumbo, mguu aliousoma wiki ile, na kwamba undugu uliochapishwa kwa jina lake hauna msingi na atauondoa. Akasema alilalamika juu ya mwanafunzi msafi. Akasema na hili: kwamba nusu saa iliyopita alipewa nafasi ya kusema, akaogopa.

Mwenyekiti alikirudisha kitumbua kwenye sahani. "Mwalimu, mambo kama haya tungeyazungumza faragha."

"Binti sikumsema faragha," wifi alijibu. Kisha akanigeukia. "Andika, Wifi. Lile la huruma lifute."

Nililifuta. Bado nilikuwa na hasira naye, na bado nilitaka kumfunika na kanga nimpeleke nyumbani.

Bango limeondolewa. Ugomvi wa wale ndugu watatu umerudi pale pale ulipokuwa, na wifi anasema huenda hatutakuwa hai siku utakapoisha. Mama mkwe aliacha kwenda kibarazani kwa muda. Majirani walipouliza, akasema wadudu wamebadilisha mawazo. Taratibu aliomba kuhamia kwa mwalimu mwingine, akakubaliwa siku hiyo hiyo, na kazi yake ikapita bila doa. Kuna wanaomsifu wifi kwa ujasiri. Akisifiwa hivyo hutoka chumbani.

Binti bado anapanda ngazi zile zile tunazopanda sisi, kwa hiyo wanakutana kila asubuhi. Juzi wifi aliingia ofisini kwangu mapema, hata koti hajavaa, akakaa kwenye kiti cha wageni na kuinamia magoti yake. Nilidhani wamegombana, tena nikafurahi kidogo, nikaona afadhali machungu yamtoke yule mtoto. Nikamwuliza binti amemwambia nini.

"Ameniambia shikamoo," wifi alisema.